Kilichoikuza Guangwei si vibarua wa bei rahisi

Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa forodha kwa bidhaa za China hadi asilimia 145, kisha mwezi Mei ikaushusha hadi asilimia 30 ili kupisha mazungumzo. Fimbo za kuvulia samaki zilikuwa miongoni mwa maelfu ya bidhaa zilizoguswa, na kwa kuwa fimbo ni kitu ambacho mtu yeyote anakielewa, haraka ikawa mfano wa kupendeza kwenye mabishano. Pande zote mbili za mabishano hayo zilikubaliana jambo moja bila hata kulijadili: kwamba China hutengeneza fimbo kwa sababu ina watu wengi wanaolipwa kidogo. Waliounga mkono ushuru wakasema viwanda sasa vitarudi Marekani, waliopinga wakasema vitahamia Vietnam au Mexico. Kwetu Afrika Mashariki nako nimesoma na kusikia hoja hiyohiyo ikigeuzwa kuwa tumaini, kwamba viwanda vikianza kuhama China, sisi tujipange kuvipokea kwa kuwa mishahara yetu iko chini. Naamini wote hawa wanaisoma vibaya historia ya biashara hii. Kampuni iliyokua kuliko matarajio ya wote katika uzalishaji wa fimbo nchini China, Guangwei ya mji wa Weihai, ilikua kwa sababu iliteremka kutoka kwenye fimbo hadi kwenye malighafi inayotengeneza fimbo, ikakaa huko miaka mingi bila faida, na fimbo zenyewe ndizo zilizolipia kukaa huko. Mishahara midogo ilikuwa nauli ya safari ya kwanza tu.

Weihai iko kwenye ncha ya rasi ya Shandong, ikitazamana na Korea Kusini ng'ambo ya Bahari ya Njano. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtu mmoja aitwaye Chen Guangwei alikabidhiwa kiwanda kidogo cha mji kilichokuwa kikichechemea, akakielekeza kwenye fimbo za kuvulia. Septemba 1990 ilianza safari ya meli ya abiria kati ya Weihai na Incheon, ya kwanza kuziunganisha China na Korea Kusini, na miaka miwili baadaye nchi hizo mbili zikafungua uhusiano wa kibalozi. Watengenezaji wa fimbo wa Korea, ambao mishahara ya kwao ilikuwa imeanza kuwaelemea, waliona mji ulio usiku mmoja tu kwa meli. Wakaja na mashine zao, wakaja na mafundi wao, wakaja na wanunuzi wao wa Marekani na Ulaya. Ndivyo Weihai ilivyokuwa mji unaotengeneza sehemu kubwa ya fimbo zinazouzwa duniani, kukiwa na viwanda vikubwa, vya kati, na karakana za familia zinazofanya kazi moja tu kama kufunga pete au kuchonga vishikio. Mpaka hapa hadithi ya vibarua wa bei rahisi ni ya kweli, na nisingependa kuipuuza. Lakini ingeishia hapo, Guangwei ingekuwa leo kiwanda kimoja kati ya mamia.

Ili kuona kilichotokea baada ya hapo, ni lazima kwanza tuiangalie fimbo yenyewe inavyozaliwa. Fimbo ya kisasa haichongwi wala haimiminwi kwenye kalibu. Huanza na karatasi nyeusi inayonatanata: nyuzi za kaboni zilizolazwa sambamba na kuloweshwa kwenye gundi ya epoksi ambayo haijakauka. Karatasi hiyo hutunzwa kwenye baridi ya kugandisha, maana ikiachwa kwenye joto la kawaida gundi huanza kukauka yenyewe. Fundi huikata vipande virefu, vipana upande mmoja na vyembamba upande mwingine, kisha hukibandika kila kipande kwa pasi ya moto kwenye chuma kirefu kilichochongoka. Chuma hicho hupitishwa kati ya bapa mbili zinazokibana na kukiviringisha, na karatasi hujizungushia humo kwa nukta chache. Halafu huvirigwa utepe mwembamba wa plastiki kwa nguvu ili kukamua hewa, huingizwa kwenye tanuri la nyuzi joto mia na ushee, na baada ya saa kadhaa chuma huchomolewa, utepe huchunwa, na kinachobaki ni bomba jepesi linalopinda bila kukatika. Pete za kupitishia uzi hufungwa kwa nyuzi, juu yake hupakwa gundi, na fimbo huzungushwa polepole hadi gundi ikauke bila kuchuruzika.

Kazi hizi zinahitaji mikono mingi na umakini. Niliwahi kuonyeshwa huko Watamu fimbo nyepesi iliyokatikia karibu na ncha: kwa macho tu ungeona upande mmoja wa bomba ulikuwa mnene kuliko mwingine, kwa sababu aliyeviringisha alibandika karatasi ikiwa imepinda kidogo. Hata hivyo, mikono hiyo inaweza kufundishwa popote kwa miezi. Karatasi nyeusi ndiyo isiyofundishika kwa miezi. Kwenye karatasi hiyo ndiko iliko tofauti kati ya fimbo nyepesi na nzito, kati ya inayorudi haraka baada ya kupinda na inayolegea, na huko ndiko fedha zilikokuwa zikienda: Japani kwa nyuzi, Korea na Taiwan kwa karatasi. Mtengenezaji wa Weihai alikuwa akinunua kitu cha thamani, anakiviringisha, anakiuza, na anabakiwa na malipo ya kuviringisha.

Mwaka 1998 Guangwei ilinunua kutoka Marekani mtambo wa kutengeneza karatasi hiyo. Kwa kampuni ya fimbo ulikuwa mtambo mkubwa kupita mahitaji yake, na waliohoji busara ya ununuzi huo walikuwa na haki ya kuhoji. Lakini baada ya kuwa na karatasi yake, kampuni iligundua tatizo liko hatua moja nyuma zaidi: nyuzi zenyewe. Nyuzi za kaboni hutokana na uzi wa akriliki, ndugu wa ule unaofumiwa masweta, ambao malighafi yake ni kemikali za mafuta na gesi. Uzi huo hupitishwa kwanza kwenye hewa yenye joto la nyuzi 200 hadi 300 mpaka ukolee rangi nyeusi, kisha kwenye matanuri yenye naitrojeni tupu kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Karibu nusu ya uzito wake hupotea njiani. Kinachobaki ni uzi wenye kipenyo cha mikroni 7 hivi, sehemu ya kumi ya unywele wa mtu, na katika kila fungu kuna maelfu ya nyuzi za namna hiyo ambazo zote zinapaswa kuvutwa kwa nguvu ileile bila kukatika. Kosa dogo la joto au vumbi kwenye uzi wa akriliki huonekana mwishoni kama udhaifu usioweza kurekebishwa. Kampuni za Japani zilizoijua kazi hii hazikuwa na haraka ya kuifundisha kwa mtu mwingine, na nyuzi za daraja la juu zimo kwenye orodha za bidhaa ambazo usafirishaji wake huhitaji kibali, maana zinaweza kutumika kwenye makombora na ndege za kivita.

Mwaka 2002 Guangwei ilianzisha kampuni tanzu, Weihai Tuozhan, kwa ajili ya nyuzi pekee. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilikula fedha, na fedha hizo zilitoka kwenye fimbo na kwenye mikopo. Kisha kati ya mwaka 2005 na 2006 nyuzi za kaboni zikaadimika duniani kote, watengenezaji wa ndege wakizichukua kwa wingi na wazalishaji wakiwaweka watengenezaji wa vifaa vya michezo mwisho wa foleni. Kiwanda cha fimbo kisicho na nyuzi zake kilipaswa kusubiri. Wakati huohuo Tuozhan ilikuwa imefikia nyuzi za daraja linalolingana na T300 ya kampuni ya Toray ya Japani, kipimo ambacho tasnia nzima hukitumia kama mlango wa kuingilia. Septemba 2017 kampuni ya vifaa vya kaboni iliyotokana na kiwanda kile cha fimbo iliandikishwa kwenye soko la hisa la Shenzhen. Leo bidhaa zake zinaingia kwenye ndege za China na kwenye mapanga ya mitambo ya upepo ya kampuni ya Vestas ya Denmark. Fimbo bado zinatengenezwa.

Unaweza kudhani huu ni mkasa wa pekee, wa mtu mmoja mwenye kichwa kigumu. Historia ya nyuzi za kaboni inasema vinginevyo, na kwangu hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa taasisi ya ndege ya Farnborough, Uingereza, walikuwa mbele ya karibu dunia nzima katika kutengeneza nyuzi imara za kaboni. Uingereza ikaamua kuzipeleka moja kwa moja kwenye kazi ngumu kuliko zote: mapanga ya feni ya injini ya ndege, RB211 ya Rolls-Royce. Mwaka 1970 mapanga hayo yalishindwa jaribio la kugongwa na ndege wa angani. Februari 1971 Rolls-Royce, ikiwa imeelemewa na gharama za injini hiyo, ilifilisika na serikali ikalazimika kuiokoa. Mwaka huohuo wa 1971 Toray ilianza kuuza nyuzi zake huko Japani. Hapakuwa na ndege iliyokuwa tayari kuzitumia. Waliozinunua walikuwa watengenezaji wa fimbo za kuvulia na wa fimbo za gofu, watu waliokuwa tayari kulipa bei kubwa ili kupunguza gramu chache, na ambao bidhaa yao ikikatika hakuna anayekufa. Kwa miaka mingi wavuvi na wacheza gofu ndio walioilipa Toray ijifunze kutengeneza nyuzi kwa wingi, kwa ubora usiobadilika. Ilipofika zamu ya Boeing 787, ndege ambayo nusu ya uzito wake ni vifaa vya aina hii, Toray ndiyo iliyokuwa na uwezo. Uingereza, iliyoanzia kwenye injini, ilibaki na heshima ya uvumbuzi.

Kwa hiyo Guangwei ilipita njia ambayo Toray ilishaipitia. Bidhaa ndogo yenye mteja mkali, inayotumia malighafi ngumu kila siku kwa kiasi kinachotosha kujifunzia, ndiyo inayobeba gharama za makosa. Fimbo inafaa sana kwa kazi hiyo: mvuvi huihisi tofauti kwenye kiganja chake mara moja, humrudishia muuzaji ikivunjika, na msimu ujao hutaka nyingine iliyo bora zaidi.

Hoja nzito dhidi ya maelezo yangu ni kwamba serikali ya China ndiyo iliyoibeba kampuni hii. Ni kweli kwamba utafiti wa Tuozhan uliingizwa kwenye mpango wa taifa wa teknolojia ya juu ulioanzishwa Machi 1986, unaojulikana kama 863. Ni kweli pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanasayansi mashuhuri wa metali, Shi Changxu, aliwasukuma viongozi wa nchi waipe kaboni kipaumbele, na kwamba jeshi, kama mteja asiyeruhusiwa kununua Japani, lilikuwa tayari kulipa bei ambayo soko la kawaida lisingelipa. Bila mteja huyo, sidhani kama Tuozhan ingevuka miaka yake ya hasara. Ninakubali pia kwamba jambo hili lina upande wa kutia wasiwasi, pale bidhaa ya starehe inapogeuka ngazi ya kufikia silaha. Lakini anayesema serikali pekee ndiyo iliyoleta matokeo ana deni la kueleza miaka iliyotangulia. Tangu miaka ya 1970 taasisi na viwanda vya serikali ya China vilihangaika na nyuzi za kaboni, vikiwa na wanasayansi, bajeti na amri kutoka juu, na kwa takriban miaka 30 havikutoa nyuzi za kutegemewa kwa wingi. Kampuni nyingine iliyofanikiwa baadaye, Zhongfu Shenying ya Lianyungang, chimbuko lake ni watu wa mitambo ya nguo. Wa fimbo na wa mitambo ya nguo waliingia wakiwa na nidhamu ya kiwanda: kuzalisha kitu kilekile jana, leo na kesho, na kujua gharama yake. Fedha za serikali zilipokutana na nidhamu hiyo zikazaa. Zilipokuwa peke yake hazikuzaa.

Hoja ya pili inatoka upande mwingine kabisa, na inaheshimika. Inasema mtengenezaji wa fimbo anaweza kukua bila kugusa malighafi, kwa jina na ufundi peke yake. Mfano wake ni St. Croix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1948 ikitengeneza fimbo za mwanzi, ambayo tangu miaka ya 1950 makao yake ni Park Falls, mji mdogo katika misitu ya kaskazini mwa Wisconsin. Familia ya Schluter, iliyoichukua mwaka 1977, imeendelea kutengeneza fimbo zake za daraja la juu hapohapo mjini, kwa mishahara ya Marekani, katika mji ambao kiwanda chake cha karatasi itokanayo na miti kimefungwa miaka ya karibuni. Fimbo za bei nafuu zaidi hutengenezwa katika kiwanda chake cha Fresnillo, Mexico. Sage ya kisiwa cha Bainbridge, jimboni Washington, huuza fimbo moja kwa zaidi ya dola 1,000 na wateja hupatikana. Kampuni hizi ninaziheshimu, na kwa mji kama Park Falls kuwa na mwajiri wa namna hiyo ni jambo kubwa mno. Ila njia yao ina dari. Hukua hadi pale wateja wenye uwezo wanapoishia, na nyuzi zao huzinunua. Wala haiigiki kwa urahisi: jina la miaka 70 halinunuliwi sokoni.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya mishahara, ambayo ndiyo inayosikika zaidi. Kama mishahara ndiyo ingekuwa siri, Weihai ingekuwa imeshapoteza fimbo zake muda mrefu uliopita, kwa sababu mishahara ya Shandong imepanda sana tangu miaka ya 1990 na Asia ina nchi kadhaa zinazolipa chini ya hapo. Viwanda vya nguo na viatu vilihama, tena kwa wingi. Fimbo zilibaki kwa sehemu kubwa. Zilibaki kwa sababu ndani ya mji mmoja kuna anayetengeneza karatasi nyeusi, anayetengeneza chuma cha kuviringishia kwa kipimo chochote unachotaka, anayetengeneza tanuri, na anayepaka rangi, na mbunifu anayetaka kubadilisha ncha ya fimbo yake anaweza kupata sampuli kabla wiki haijaisha. Anayehamisha kiwanda kwenda kwenye mishahara ya chini anahamisha watu wa kuviringisha tu, kisha anaanza kuagiza karatasi kutoka Weihai. Ndiyo maana sitarajii ushuru wa 2025 urudishe fimbo za kawaida Marekani. Ushuru unaweza kuhamisha hatua ya mwisho ya kazi, ile yenye mapato madogo, na kuongeza bei kwa mnunuzi.

Hili halimaanishi kwamba Guangwei imefika salama. China imejenga matanuri ya kaboni kupita mahitaji, na kati ya 2023 na 2024 bei ya nyuzi za kawaida ilishuka vibaya. Kampuni inayotegemea sana jeshi na mitambo ya upepo inaweza kuyumba mteja mmoja akibadili oda. Kwa watengenezaji wa fimbo, kwa upande mwingine, kushuka huko ni neema: karatasi iliyokuwa ghali sana miaka 20 iliyopita sasa inaingia kwenye fimbo ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzinunua.

Na sisi? Pwani yetu ina uvuvi wa burudani wa miaka mingi, Malindi, Watamu, Shimoni, hadi mkondo wa Pemba, lakini fimbo zinazotumika kwenye boti hizo kwa samaki wakubwa ni nene, nyingi za faiba ya kioo, na idadi yake haiwezi kulisha kiwanda. Sishauri mtu yeyote aanzishe kiwanda cha fimbo Mombasa au Tanga kwa kutegemea soko hilo. Wala asije mtu akadhani kwamba kinywe chetu (grafiti), kile kinachopatikana Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania, ni malighafi ya fimbo hizi. Vyote viwili ni kaboni, lakini nyuzi hazichimbwi ardhini, na hakuna namna ya kukigeuza kinywe cha Mahenge kuwa uzi wa Toray.

Kinywe hicho kina swali lake, ambalo ni lilelile la Weihai. Mazungumzo yote ya sasa kuhusu kukiongezea thamani yanakimbilia betri za magari ya umeme, mteja mgumu kuliko wote, mwenye viwango vinavyobadilika kila mwaka na washindani waliotutangulia kwa mbali. Ninaogopa tunaifuata njia ya Uingereza na injini yake ya RB211. Kuna bidhaa za kinywe zilizo karibu zaidi na mikono yetu, na mojawapo ni vyungu vya kuyeyushia metali, ambavyo hutengenezwa kwa kinywe na udongo na kuchomwa kwenye tanuri. Wateja wa vyungu hivyo wapo mijini kwetu tayari: mafundi wanaosubu sufuria kutokana na alumini chakavu. Wengi wao huyeyushia kwenye vyombo vya chuma vya kuungaunga, ambavyo alumini ya moto huvila taratibu hadi vitoboke, na chuma kilicholiwa huingia kwenye sufuria na kuifanya ipasuke kirahisi. Hawa ni wateja wanaonunua mara kwa mara, wanaoona ubovu siku hiyohiyo, na ambao kosa la mtengenezaji kwao ni hasara ya chungu kimoja. Chuo kimoja cha ufundi chenye tanuri, tani chache za kinywe kutoka Mahenge na mafundi 20 walio tayari kujaribu vyungu hivyo na kuvirudisha vikipasuka vingetosha kuanzia, na gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ile ya kongamano moja la wawekezaji wa betri.